Baa ya mtaani yenye bembea za watoto: tuwapeleke au tuwaache nyumbani?

Baba Wawili (mleta uzi)

Habari za Jumatatu wanajamvi.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu jana, naomba tulijadili kwa utulivu.

Huku kwetu Mbezi ya Kimara, Dar es Salaam, kuna baa moja, jina sitalitaja, wa huku mtaijua. Ilianza kama grosari ya meza nne. Mwenyewe akanunua kiwanja cha nyuma, akapanda nyasi, akafunga bembea mbili na mteremko, akaleta na lile jumba la upepo la kurukia. Getini akaandika "Sehemu ya Familia". Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa panajaa. Mbuzi choma, ndizi, kachumbari, watoto na soda zao, akina mama kivulini. Mimi na mke wangu tumekuwa wateja kwa mwaka na zaidi. Kwangu ndiyo mara pekee kwa wiki tunakaa wote wanne meza moja, maana natoka nyumbani saa 11 alfajiri na nikirudi wanangu wameshalala.

Jana tumerudi, kijana wangu wa miaka 6 akamwaga mfuko wa kaptula kitandani. Vizibo vya bia, thelathini na kitu. Akavipanga kwa rangi juu ya shuka, akaanza kunitajia kimoja kimoja: hiki cha baba, hiki cha baba mkubwa, hiki cha yule mjomba anayeimba, hiki kikali. Akataja na majina ya bia zenyewe. Hakukosea hata kimoja. Shuleni bado b na d anazigeuza, lakini vizibo anavisoma.

Sikumkaripia. Nilivikusanya nikavitia kwenye kopo, nikakaa sebuleni mpaka saa 7 usiku.

Sijaja kumhukumu mtu, maana ningeanza na mimi. Nataka kujua wenzangu mnafanyaje. Nawasilisha.

Mpenda Kivuli

Mkuu, pole kwa kukosa usingizi, ila vizibo usivipe uzito huo. Sisi darasa la kwanza tulihesabia vizibo. Mwalimu alisema kila mtoto aje na vizibo mia na vijiti mia, na tulivifuata wapi kama si nyuma ya kilabu? Tukavitoboa tukatengeneza magari ya makopo, vizibo ndiyo matairi. Hakuna aliyetuona walevi.

Mtoto kumuona baba yake anakunywa bia mbili, anakula, analipa bili, anaendesha familia yake nyumbani salama, hilo nalo ni funzo. Kuliko baba anayejificha, mtoto anaishia kumuona akirudi saa 8 usiku anatapika mlangoni.

Mama Pacha

Baba anayekunywa bia mbili halafu "anaendesha familia salama"? Hapo Mpenda Kivuli tusipite haraka. Kama kuna kunywa, gari libaki au aendeshe asiyekunywa.

Baada ya hapo niseme langu. Napajua hapo. Nyasi nzuri, bembea nzuri, mbuzi wanamchoma vizuri sijaona. Lakini wanaume mnaosifia hamjawahi kuulizwa na mtoto wa kike "mama, nataka kukojoa". Choo ni kimoja, kiko nyuma ya kaunta. Ili nimfikishe binti yangu pale napita katikati ya meza za mpira, wanaume wamesimama na chupa, mlango wa choo hauna komeo, sakafu imelowa. Siku moja nimesimama nje nimeushika mlango kwa mkono, mtu mzima mwenye rika la baba yangu anasukuma anasema "toeni huyo mtoto, nimebanwa". Pacha wangu akatoka hajamaliza, gauni limelowa.

Huyo aliyeandika "Sehemu ya Familia" getini alifikiria bembea kabla ya choo. Kwangu hiyo bado ni baa iliyowekewa bembea.

Wakili wa Vichochoroni

Naomba niweke sheria mezani, maana tunajadili kama vile ni jambo la kuamua kila mtu nyumbani kwake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Inakataza mtoto kuruhusiwa kuingia baa, disko au klabu ya usiku, inakataza pia kumuuzia pombe na sigara. Na mzigo haukuwekwa kwa mzazi peke yake, mwenye biashara na mfanyakazi wake wamo.

Sasa swali ni je, hapo kwenu ni nini? Upande wa leseni kuna Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, nayo inatofautisha: leseni ya baa ni yake, ya mgahawa ni yake, ya hoteli ni yake, ya kuuza bila kunywea hapo ni yake. Mgahawa unaouza bia pamoja na chakula si kitu kimoja na baa inayochoma nyama. Ukienda tena, kabla hujaagiza, angalia kile karatasi kilichotundikwa ukutani nyuma ya kaunta. Kikisema baa, hata pakiandikwa getini "Sehemu ya Familia" kwa herufi za dhahabu, mtoto wako yuko mahali asipotakiwa.

Mpenda Kivuli

Wakili, kwa kipimo hicho nusu ya Dar es Salaam wana hatia kila Jumapili mchana. Sherehe za kipaimara, kumuaga bibi harusi, vikao vya harusi, vyote tunafanyia wapi?

Wakili wa Vichochoroni

Wingi wa wanaofanya haubadilishi kilichoandikwa. Nakubali lakini kwamba kama tunataka sehemu kama hizi ziwepo, tuzipe utaratibu wake badala ya kujifanya hatuzioni. Leo usalama wa mtoto pale unategemea hiari ya mwenye baa.

Mjukuu wa Rombo

Mimi nimekulia Rombo. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwa nyumbani, bibi akiipika siku kadhaa na sisi wajukuu tukimsaidia kukoroga na kuchota maji. Ilipoiva wazee walikaa chini ya mgomba, kata inazunguka, na watoto tulikuwepo. Tulitumwa, tulisikiliza kesi za mipaka zikiamuliwa, tulijifunza nani ni nani katika ukoo. Tulionjeshwa pia, sitaficha.

Lakini nataka mwelewe tofauti. Pale kila mzee alikuwa babu yangu au rafiki wa babu yangu. Mtu akilewa akaanza kutukana, bibi alimnyang'anya kata, akaambiwa nenda kalale, na alikwenda. Nani leo pale Mbezi atamwambia mteja wa meza ya jirani akalale? Mhudumu? Ataambiwa "mimi nakunywa kwa hela yangu". Kwa hiyo wanaosema "mbona zamani watoto walikuwepo", kweli walikuwepo, ila na yule bibi alikuwepo.

Pia, wenzangu wa nyumbani wananielewa, wapo wengi waliokua na mimi chini ya mgomba ule ambao pombe imewamaliza. Siwezi kuisifia mbege mpaka nikawasahau.

Jirani wa Ukuta

Assalaam alaykum. Mimi pombe sinywi na nyumba yangu inapakana na baa ya namna hiyo, si hiyo ya mleta uzi. Mtanitegemea niseme ifungwe. Ngoja kwanza.

Nilipohamia hapa palikuwa na kiwanja cha wazi. Watoto walicheza mpira, wasichana rede, jioni vumbi tupu na kelele za furaha. Kikazungushiwa mabati, mara msingi, sasa ni fremu za maduka. Mtaa wetu hauna tena hata hatua ishirini za nyasi. Nyasi pekee zilizobaki ziko ndani ya ukuta wa baa. Wanangu wanapanda ndoo kuchungulia wenzao wakibembea. Mdogo ananiuliza, "Abi, kwa nini sisi hatuendi?" Namjibu kwamba pale si mahali petu. Anasema, "Lakini bembea hainywi pombe."

Nimekosa la kumjibu.

Hasira zangu zimegawanyika. Mwenye baa ameweka bembea. Sisi wengine, serikali ya mtaa, na sisi wakazi tuliokaa kimya kiwanja kikizungushiwa mabati, tumeweka nini?

Kuhusu spika ndiyo nina ugomvi naye. Jumapili saa 4 usiku singeli inatetemesha vioo vya kabati, na Jumatatu watoto wana shule. Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Mwaka 2022 NEMC, baraza la taifa la mazingira, walipita wakafungia baa na kumbi nyingi kwa kelele, tukapumua kidogo, halafu spika zikarudi moja moja.

Mwenye Kaunta

Nina biashara ya namna hii mkoa mwingine, naomba nisikilizwe bila kutukanwa.

Siku za kazi leseni inanitaka nifungue saa 10 jioni nifunge saa 5 usiku. Masaa saba. Kodi ya pango, umeme, mishahara, majokofu, vyote viko palepale. Mchana wa Jumamosi na Jumapili ndio unaoniweka mjini, na mchana huo mteja wangu ni familia. Familia inakula. Meza ya watu watano inakula kilo mbili za mbuzi, ndizi, chipsi za watoto, soda, maji. Haivunji glasi, haipigani, haiandikishi deni. Mlevi wa usiku ananiachia bili na kiti kilichovunjika miguu.

Kwa hiyo bembea sikuziweka ili nifundishe watoto pombe. Niliziweka ili mama akubali kuja, maana mama akikubali, wote wanakuja.

Choo alichosema Mama Pacha, hapo sina utetezi. Nimesoma, nimetoka nje nikaenda kuangalia cha kwangu. Komeo halipo.

Mama Pacha

Asante kwa kusema ukweli. Weka komeo, weka na la chini, mtoto alifikie.

Zamu ya Jioni

Mimi ni mhudumu. Sipo hapo mnapopasema, nipo pa kufanana napo. Huwa nasoma tu humu sichangii, leo nimeshindwa kunyamaza.

Jumapili napewa meza nane. Hakuna hata mtu mmoja aliyeajiriwa kuangalia watoto. Mzazi akifika anawaambia "nendeni mkacheze", basi, wamekuwa wa kwetu. Jiko la nyama liko hatua tano kutoka kwenye jumba la kurukia, makaa yanadondoka, watoto pekupeku. Mimi ndiye napiga kelele "we, rudi huko!" huku nimebeba trei.

Kuna siku alikuja mtoto wa kama miaka minne kaunta, analia, kandambili moja mguuni. Namuuliza baba yako nani, anasema "Baba". Mama? "Mama." Nikamtia mgongoni nikazunguka naye meza zote, trei mkono wa kulia, meza ya tisa, ya kumi, kila mtu anatikisa kichwa. Baba yake nilimkuta kasimama kwenye televisheni, mechi ya watani inaendelea. Akanitazama mara moja akasema, "Ahsante dada, muache tu acheze." Akarudisha macho kwenye mpira. Kandambili ya pili niliikuta mimi wakati wa kufagia, chini ya kreti.

Halafu ikifika saa 12 jioni watu hubadilika. Wale wa familia wanaanza kuondoka, wa usiku wanaingia. Hao ndio wanatushika makalio, wanatuita majina. Familia zinazobaki mpaka saa 2, saa 3 usiku, watoto wao wanayaona hayo. Kuna mtoto wa kiume, sidhani alifika miaka nane, aliniita kwa neno lile lile alilosikia meza ya jirani. Wenzake wakacheka, na baba yake akacheka.

Nina binti wa miaka 9. Sijawahi kumleta kazini hata siku nimekosa mtu wa kumuachia.

Baba Wawili (mleta uzi)

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Na mimi nimewahi kusema "nendeni mkacheze". Nimesema kila Jumapili.

Ndugu wa Ruiru

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Kenya. Huku tuna sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, wengi wanaiita Sheria ya Mututho kwa sababu ya mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni. Siku za kazi baa ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, wikendi na sikukuu inaanza saa 8 mchana. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Na mwenye leseni akiruhusu mtu wa chini ya miaka 18 aingie mahali pombe inanywewa, amevunja sheria. Mwaka 2025 ikaja sera mpya ya taifa inayopendekeza umri wa kunywa upande hadi 21, na watu wakabishana hadi koo zikakauka.

Lakini nenda sehemu za nyama choma Jumapili uone. Watoto wamejaa, farasi wa kukodi wapo, wanaopaka watoto rangi usoni wapo, na baba ana chupa mezani. Kitu nimeona kinasaidia kidogo ni pale mwenye mahali amegawanya kwa ukuta halisi: huku nyama, soda na watoto, kule kaunta na mpira, mlango tofauti, choo tofauti. Ukitaka bia unaenda kuinywa kule. Wazazi wengine wanalalamika eti ni usumbufu kutembea. Basi tembea.

Mbali na Nyumbani

Nipo Leeds, Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu. Huku baa ya mtaani, pub wanavyoiita, ni kama sebule ya mtaa. Jumapili mchana familia zinakwenda kula nyama ya kuoka na viazi, bibi yupo, kichanga yupo, mbwa naye yupo chini ya meza. Sheria ya leseni ya 2003 inasema mtoto wa chini ya miaka 16 asiwe kwenye sehemu ya kunywea bila mtu mzima. Wa miaka 16 na 17 akiwa mezani anakula, na mtu mzima yupo, anaweza kununuliwa bia. Baa nyingi zina muda wao wa watoto kuondoka jioni, na wanaufuata kweli. Moshi wa sigara ndani ulipigwa marufuku 2007, na wenyeji wanasema hapo ndipo familia zilipoanza kuingia kwa raha.

Mara ya kwanza nilipokwenda na wanangu tukajisahau. Mhudumu akaja, akainama mpaka usawa wa meza, akasema kwa upole kwamba watoto muda wao umeisha, na akatufungia chakula kilichobaki. Nilijisikia vibaya. Mwanangu mkubwa akaniuliza kwa nini tumefukuzwa, nikamwambia saa imefika. Siku hizi yeye ndiye ananikumbusha saa.

Sisemi huku ni peponi. Ulevi upo, tena mwingi. Nasema tu muda unasaidia, hasa kama anayeusimamia si mzazi aliyekwisha kunywa.

Mpenda Kivuli

Dada wa Zamu ya Jioni amenigusa. Bado naamini mtoto kukaa meza moja na baba yake Jumapili ni jambo jema, na sitaki tuishie kusema wanaume wabaki baa peke yao na wanawake wabaki nyumbani na watoto, maana tulishakuwa huko na hakukuwa kuzuri. Lakini naondoa nilichosema kuhusu kuendesha. Mama Pacha yuko sahihi.

Jirani wa Ukuta

Na sisi tusioingia baa kabisa? Watoto wetu wanabembea wapi? Naomba hilo lisipotee katikati ya mjadala wa muda na choo.

Mjukuu wa Rombo

Halijapotea, Jirani. Shule ya msingi ya mtaani kwenu haina uwanja? Kwetu tulimwomba mwalimu mkuu atufungulie geti Jumapili alasiri. Kamati ya shule ilikaa ikakubali kwa masharti: mzazi mmoja awe zamu na asaini daftari. Hakuna bembea, ila kuna nafasi ya kukimbia.

Jirani wa Ukuta

Ipo. Geti lina kufuli. Nitakwenda kuuliza kesho.

Baba Wawili (mleta uzi)

Narudi na mrejesho wanajamvi, samahani nimechelewa, wiki ilikuwa nzito.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumuona mwenye baa kabla hajafungua. Nilikwenda na Mama Pacha na mumewe, maana tumegundua tunakaa kata moja. Tulimkuta anahesabu kreti. Nikamwambia habari ya vizibo, Mama Pacha akamwambia habari ya choo, mbele ya mumewe, na sauti ikamtetemeka kidogo. Kuhusu karatasi ya ukutani, Wakili, niliisoma. Ni leseni ya baa. Nilipomuuliza alisema amekuwa akifikiria kutenganisha upande wa chakula na kuuombea leseni ya mgahawa, ila gharama. Hapo sikubaliani naye na nilimwambia: bila hivyo anatuweka sote pabaya, na akikaguliwa, la kusema hana.

Choo amekubali. Fundi alianza siku hiyohiyo, cha pili kinajengwa upande wa bembea, na komeo la chini litakuwepo. Jiko la nyama amesema atalihamishia upande wa barabara. Muda wa watoto kuondoka saa 12 jioni amekataa kuuandika getini. Anasema wateja watamuona anawafukuza. Tumebishana hapo karibu nusu saa, hatukuelewana.

Sisi kwa upande wetu mimi na mke wangu tumepanga hivi: mpaka mambo ya leseni na choo yakae sawa, Jumapili tunanunua mbuzi kilo moja pale, inafungwa, tunakwenda kula nyumbani chini ya mwembe wa jirani. Jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kijana alinuna, akauliza bembea ziko wapi. Tawi la mwembe lipo, ni nene, lina nguvu, nimelipima kwa kuning'inia mwenyewe. Kinachokosekana ni mnyororo na kipande cha tairi.

Mwenye Kaunta

Mnyororo usichukue ule mwembamba wa kufungia mbwa, mimi ulinikatikia mtoto akiwa juu, Mungu alisaidia akaangukia nyasi. Chukua wa milimita nane, na pale unapozunguka tawi uvalishe mpira wa bomba la maji, usiukate mti.

Jirani wa Ukuta

Tairi nina mbili nyuma ya nyumba, za gari dogo. Hiyo ya pili nataka kuifunga kwangu. Nitumie ujumbe wa faragha nikuletee moja.

Baba Wawili (mleta uzi)

Nimekutumia. Jumamosi saa 3 asubuhi nitakuwa nyumbani, njoo na wanao.